Upanga Ulikuwa Sehemu ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimeajiriwa kukata tiketi katika ukumbi wa sinema wa Kigoma mjini. Meneja, mtu mfupi mwenye suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mistari yake inakata, alinipeleka kwenye dirisha dogo la tiketi akasema, "Binti, kazi yako inaishia hapa. Ngazi ile si yako." Ngazi yenyewe ilikuwa ya chuma, ndani ya ukumbi kwa nyuma, ikipanda kwenye chumba cha mashine. Alikosea kunionyesha. Mtu aliyekulia mtaa wa Buzebazeba katikati ya kaka watupu haambiwi ngazi fulani si yake, kisha akalala usingizi.

Haikupita muda, msaidizi wa Fundi Mkuu akaacha kazi akaenda Kagunga kufanya biashara ya dagaa. Fundi Mkuu, mzee wa Tabora aliyekuwa akikohoa kila baada ya sentensi, alishuka ngazi akauliza wafanyakazi wote nani haogopi moto. Wanaume wakatazamana. Mimi nikaacha dirisha, nikapanda. Meneja alipolalamika, Fundi Mkuu alimjibu, "Nimeomba mtu asiyeogopa moto. Sikuomba mwenye ndevu."

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu mkiwa mmejilaza, hebu nisikilizeni. Filamu ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikuja kwa treni ndani ya makopo mapana ya bati, imeviringishwa kwenye magurudumu tuliyoyaita rili, na hadithi moja ilikula rili tano au sita. Mwanga wa mashine haukutoka kwenye balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa karibu mpaka umeme ukaruka kati yake, ukali wake ukipofusha macho kama wa fundi wa kuchomelea vyuma. Vijiti vinaungua, kwa hiyo unavisogeza pole pole bila kukoma. Ukizubaa, picha inageuka ya manjano na watu wanaanza kupiga miluzi. Moshi wake ulipanda kwenye bomba la bati lililotokeza juu ya paa. Mlikumbuke bomba hilo.

Mashine zilikuwa mbili. Rili ikikaribia kwisha, kinatokea kidoa cha duara pembeni juu ya picha, na hapo unaiwasha ya pili na kuifunga ya kwanza bila mtazamaji kujua. Fundi Mkuu alinifundisha pia kuunga filamu iliyokatika: unakwangua ncha, unapaka gundi, unabana, unaomba Mungu. Kigoma ni mwisho wa reli. Filamu ilitufikia ikiwa imechoka kuliko abiria wa daraja la tatu.

Fundi Mkuu alipohamishwa kurudi Tabora, Meneja alinikabidhi mashine "kwa muda tu, mpaka tupate fundi." Huo muda ulienda miaka. Kila mgeni aliyepanda ngazi aliuliza fundi yuko wapi, nami nilikuwa nimesimama mbele yake na kaboni mkononi. Nilizoea kuwajibu, "Amekwenda kunywa chai, mimi ni mkewe." Wengine mpaka leo hawajui kwamba niliwacheka.

Ukumbi wetu ulikuwa na Mkalimani. Huyu alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza au Kihindi kuwa Kiswahili papo hapo, na kuongeza chumvi yake. Mhindi akilia dakika nzima, Mkalimani wetu wa Ujiji alisema, "Anasema mama yake kamkosea," watu wakatosheka. Na tulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, mapumziko. Baada ya rili ya tatu taa zinawaka, watu wanatoka kununua soda na karanga. Filamu iwe ya mapenzi, iwe ya ngumi, iwe mtu ameshika roho mkononi, rili ya tatu ikiisha taa zinawaka.

Ndipo ikaja ile filamu ya Kiingereza. Jina lake refu sikulishika, na watu wa hapa walikuja kuiita Bwana Upanga. Kabla ya kuonyesha filamu yoyote niliipitisha mashineni peke yangu mchana, kukagua kama imechanika. Hii nilipoimaliza nilikaa chini. Sehemu yake ya kwanza ni hofu tupu: kijiji cha Ulaya, ukungu, bibi mmoja tajiri mwenye ngozi nyeupe kama ugali wa muhogo, anayenyonya damu ya vijana shingoni ili asizeeke. Shujaa, bwana mmoja mwenye upanga na kofia ya manyoya ya ndege, muda wote huo anazunguka tu na gari lake la farasi, hajui adui yake ni nani. Lakini rili ya nne ikianza, filamu inageuka. Mapanga yanatoka, watu wanaruka meza, wanapigana juu ya ngazi, wanabembea kwenye mapazia. Nilicheka peke yangu kule juu. Na mwishoni Bwana Upanga anaangushiwa silaha yake, na anayeiokota na kummaliza yule mnyonya damu ni mwanamke, yule dereva wa gari la farasi ambaye hakuna aliyemjali tangu mwanzo.

Sasa angalieni ubaya. Rili ya tatu iliishia pale pale bibi yule anapozamisha meno shingoni mwa msichana. Nilikwenda kwa Meneja nikamwambia, "Bwana Meneja, hii tuivunje mwishoni mwa rili ya pili, au tusiivunje kabisa."

"Mapumziko ni rili ya tatu."

"Watu wataondoka na meno. Upanga uko sehemu ya pili."

Akaniangalia kama mtoto aliyeomba nyama ya sikukuu siku ya kawaida. "Binti, soda haijui hadithi. Rili ya tatu."

Ni yeye aliyeamuru, na mimi nilitii. Jioni hiyo ukumbi ulijaa, wakiwemo akina mama wauza dagaa waliokuja na mashua kutoka Kagunga. Wengi wao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo. Meno yakazama, damu ikatiririka kitambaa kizima, taa zikawaka. Hakuna aliyekwenda kwenye soda. Mama mmoja mnene aliyefunga vitenge viwili alisimama akasema kwa sauti iliyofika mpaka juu kwangu, "Tumeletwa huku kuonyeshwa tutakavyofanywa!" Watu wakasukumana mlangoni. Rili ya nne niliionyesha kwa viti vitupu na kwa Mkalimani, ambaye hakuwa na wa kumkalimania.

Kila mtu wa pwani hii alilelewa na hadithi za mumiani, yule anayekamata watu akawanyonya damu aiuze. Ng'ambo ya ziwa wanawaita batumbula. Kulipokucha, sokoni walikuwa wameshakamilisha hesabu: sinema ni nyumba ya mumiani, bomba la juu ya paa ndipo inapochemshwa damu, na mwanamke anayejifungia peke yake chumba kisicho na dirisha, anatoka ananuka moto, ndiye mpishi. Mwanamke huyo ni mimi. Kwenye bomba la maji la Buzebazeba wenzangu waliondoa ndoo zao nilipofika. Mama yangu mzazi aliniuliza, bila kunitazama, "Tatu, kule juu mnafanya nini hasa?" Hilo liliniuma kuliko yote.

Ukumbi ulikaa mtupu. Afisa Utamaduni akaja, akazungumza na Meneja, kisha nikaitwa. Uamuzi ulikuwa kwamba filamu irudi na treni inayofuata, chumba cha mashine kifungwe mpaka apatikane fundi mwanaume ambaye watu hawatamwogopa, na mimi nirudi dirishani kukata tiketi.

Nilikasirika. "Filamu hii ikiondoka ikiwa nusu," nikawaambia, "mimi nitabaki mumiani wa Kigoma mpaka kaburini, na wanangu watakuwa watoto wa mumiani. Nipeni onyesho moja kabla ya treni. Bila mapumziko."

"Na nani atakuja?" akauliza Meneja.

"Nitakwenda kuwaleta."

"Ukiwaleta, mapumziko yatakuwepo," akasema.

Nilikwenda Kibirizi, dagaa wanaposhushwa, asubuhi kweupe, katikati ya watu wanaonikimbia. Nikamtafuta yule mama wa vitenge viwili. Aliitwa Mama Furaha, na akina mama wenzake walikwenda alikokwenda yeye.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usisogee."

"Mama, umeona nusu. Njoo uone iliyobaki."

"Iliyobaki ni ipi? Si ametumaliza?"

"Hajammaliza mtu. Anakuja kumalizwa yeye."

Akanipima kwa macho. "Sisi hawa batumbula tumewasikiaga tangu tumboni. Hatujawahi kusikia hata mmoja amekufa. Weye unasema anakufa?"

"Anakufa kwa upanga. Njoo ukae na mimi humo humo chumbani. Ukiona sufuria ya damu, nitupe kwa dirisha."

"Watu wanasema hakuna dirisha."

"Basi nitupe kwa ngazi."

Hapo alicheka, na nyuma yake wengine wakaguna kicheko. Alikubali kwa sharti kwamba mlango wa chumba cha mashine ubaki wazi, kila anayetaka apande achungulie. Mchana ule walipanda kwa zamu. Niliwasha kaboni wakaona moshi unavyokwenda. Mmoja alipitisha kidole kwenye bomba akakinusa, akasema, "Masizi haya haya ya jikoni." Mama yangu naye alipanda, akachungulia nyuma ya mashine, akashuka.

Baada ya magharibi ukumbi ulijaa kuliko siku ya kwanza, wengine wameshika viatu mkononi tayari kukimbia. Mama Furaha alikaa juu ya kopo la filamu kando yangu, magoti yamegusana na mashine. Rili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipoona kidoa cha duara, nilikuwa tayari kwenye mashine ya pili. Kule chini meno yalizama na ukumbi wote ukavuta pumzi. Nikasikia viti vinalia, watu wanainuka. Mkalimani, Mungu amrehemu, aliacha kutafsiri akapiga kelele, "Kaeni! Upanga haujatoka alani!"

Viatu vya Meneja vilikuwa vimeshaanza kupiga ngazi. Swichi ya taa za ukumbi ilikuwa chumbani mwangu. "Washa taa! Rili ya tatu imekwisha!"

"Siwashi."

"Tatu, nakuamuru kama Meneja wako. Kuanzia kesho huna kazi!"

"Kesho ni kesho. Leo siwashi."

Alitaka kupita aiguse swichi. Mama Furaha akainuka kutoka kwenye kopo, vitenge vyake viwili vikajaza mlango. Akasema taratibu, "Bwana, mie nimelipa kuona anakufa. Usinigombanishe na nafsi yangu." Meneja alikaa kwenye ngazi. Nadhani kutoka pale aliiona filamu kwa mara ya kwanza, maana yeye siku zote alikuwa chini akihesabu chupa.

Mapanga yalipotoka, ukumbi ulibadilika sauti. Watu walioinuka walibaki wamesimama, lakini sasa kwa kushangilia. Bwana Upanga alipobembea kwenye pazia, Mkalimani alisahau Kiswahili akapiga Kimanyema kitupu, lugha ya kwao, na hakuna aliyelalamika. Upanga ulipomponyoka, ukumbi ukazizima. Na yule dereva, mwanamke, alipoinama akauokota, Mama Furaha alinishika bega kwa nguvu mpaka nikakaribia kuacha kaboni. "Ni yeye?" akaniuliza. "Ni yule wa farasi?" Nikamwambia ndiye. Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena, hata arusini kwangu.

Kesho yake nilifika kazini. Meneja alinipita bila kusema neno kuhusu kufukuzwa, nami sikumkumbusha. Bombani wenzangu walinisogezea nafasi. Mama yangu alipika wali siku isiyo ya wali, na hakuniambia sababu. Treni iliondoka na makopo yale, fundi mwanaume hakutafutwa tena, na mimi nilibaki na mashine mpaka siku ukumbi ulipofungwa, maana video zilikuwa zimeingia kila kibanda cha Rusimbi. Leo jengo ni ghala la simenti. Bomba bado liko juu ya paa, nalitazama nikipita.

Watu huniuliza kama nasikitika kwamba ufundi wangu umekufa. Sisikitiki. Nilifanya kazi niliyokatazwa, niliifanya vizuri, na nilistaafu kwenye kiti nilichoambiwa si changu. Anayetaka kunihurumia akatafute mwingine.

Juzi binti yangu, mwalimu, aliisaka filamu ile kwenye simu yake mpaka akaipata. Akanisomea maneno ya wajuzi: kwamba ilishindwa hata huko kwao, kwamba wapenda vitisho waliona ina mapanga mengi na wapenda mapanga waliona ina vitisho vingi, ikasahaulika. Nikamwambia hao wote waliondoka wakati wa mapumziko. Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai tukaanza kutazama. Ilipofika penye meno, binti yangu alicheka akanyoosha kidole kuizima. "Mama, damu yenyewe rangi ya kopo. Imezeeka hii, tulale."

Nilimshika mkono kama Mama Furaha alivyonishika bega.

"Kaa," nikamwambia. "Upanga haujatoka alani."