Maziko ya Pili ya Mpagazi

Niliacha shule darasa la tatu. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya malori, na mimi sikuweza kuona lori likipita bila kutaka kujua linakwenda wapi. Nilipofika miaka ishirini na miwili nilikuwa nimekwisha kurina asali Ipole, nimebeba magunia ya karanga stesheni ya Tabora, nimekuwa utingo wa lori la Nzega, na nimefukuzwa na fundi saa wa Kihindi kwa kufungua saa ya mteja ili nione kinachoifanya itembee.

Kwa hiyo siku nilipomwona Mzungu kijana akipita sokoni na sanduku lenye miguu mitatu, nilimfuata. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mzungu yule alikuwa anapiga filamu ya kuonyeshwa vijijini, na filamu yenyewe ilihusu maisha ya bibi mmoja wa mjini kwetu aliyekuwa malenga. Mashairi yake yaliimbwa harusini, mashambani, hata na sisi makuli. Wakati wa usichana wake Bibi huyo alitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Tabora, yeye na mumewe mpagazi, katika misafara ya mwisho kabla ya reli.

Mzungu aligeuka akaniona. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni:

"Je, waweza kulala bila kutikisika?"

"Naweza, bwana."

"Vema sana. Utakuwa maiti."

Maiti huyo alikuwa mume wa Bibi. Alikufa kwa homa njiani, huko Ugogo. Maji ya msafara yalikuwa yanakwisha, hakuna aliyeweza kungoja. Walimfukia alfajiri, wakarundika miiba juu ili fisi wasimfukue, wakashika njia. Beti za kwanza alizotunga Bibi maishani alizitunga siku ile ile, huku akitembea:

*Tulimfukia kimya, jua halijachomoza,*
*Hapana aliyesema, hapana aliyebeza.*

Mistari hiyo nilikuwa nimeiimba mara nyingi na gunia begani, wala sikujiuliza ni mjane gani anayelalamika kwamba maiti wake hakubezwa. Nilipokwenda kumwamkia nilimuuliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiwe utakayenifia?"

"Ndimi, Bibi. Lakini kwa nini ulitaka abezwe?"

Alinitazama kama mtu anayetazama kuku asiyejua kudonoa. "Sisi Wanyamwezi watani wetu ni Wazaramo, na msafara ule haukuwa na Mzaramo hata mmoja, mwanangu. Wote walibaki Bagamoyo. Mume wangu alikuwa na watani pwani nzima, na siku ya kufa kwake hakupata hata mmoja wa kulala kaburini mwake, wala wa kumwiga anavyotembea, wala wa kutudai kuku. Alizikwa kama mzigo uliooza. Miaka yote hii ninapomkumbuka, namwona amesimama mlangoni, hajaagwa."

Ndiyo maana alikubali kupigwa filamu. Sharti lake lilikuwa moja: kwenye filamu, mumewe apate mtani wake.

Mtani mwenyewe alikuwapo. Alikuwa mzee wa Kizaramo, fundi viatu, aliyekuja na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Kibanda chake kilikuwa njiani kwa Bibi na hapakupita siku bila wao kutukanana.

"Mtumwa wangu, bado hujafa?"

"Nife nikuachie nani, Mzaramo wewe, na hata viatu vya kwenda kunizikia huna?"

Siku ya kwanza ya kazi tulikwenda porini nje ya mji, kupita Cheyo, kwenye kipande cha njia ya zamani ya misafara. Mzungu alikuwa amewatwisha vijana kumi na wawili mizigo vichwani, wakapita mbele ya kamera wakiwa wamenyooka vizuri. Bibi akapiga kelele kwamba wasimame.

"Hawa ni nani? Mnyamwezi habebi kichwani, anabeba begani! Unataka mume wangu acheke huko aliko?"

"Kichwani kwao hakuna kitu cha kushikilia mzigo," yule Mzaramo akamweleza Mzungu kwa upole.

Ikabidi safari nzima irudiwe, mizigo ikiwa begani. Irudiwe tena, kwa kuwa kijana mmoja alimpungia mkono mama yake. Kesho yake tulipoandaa maziko, Mzungu alifungua sanduku lake akapima utepe kwa macho. Utepe uliobaki ulikuwa wa dakika mbili tu. Mwingine ungetoka Dar es Salaam, na yeye alitakiwa kuondoka kwa treni ya keshokutwa.

"Basi tutafanya maziko ya heshima," alisema. "Bila mzee huyu. Mashine yangu haishiki sauti, Bibi. Watu hawatasikia utani. Wataona mzee anamrukia maiti, na wakubwa wangu watasema ni wazimu."

Bibi akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na kanga zake safi.

"Watakaotazama ni wakubwa wako au ni sisi?"

"Ni ninyi, lakini..."

"Sisi tutasikia. Na kama mtani hayumo, hayo si maisha yangu. Tafuta malenga mwingine, mpige huyo."

Mzungu alitazama kamera, akamtazama Bibi, akatazama jua. Mwishowe alisema, "Mara moja tu. Maiti akitikisika, tumekwisha."

Wote wakanigeukia mimi.

Nikafungwa sanda, nikalazwa kwenye machela ya mti na shuka, uso wazi. Bibi akapiga magoti kando yangu. Nilisikia kamera inaanza kukereza, na pumzi ya Bibi ikienda mbio, nikajua kwamba kwake hii haikuwa filamu. Nikaapa moyoni kwamba hata nge akipanda usoni sitakunja jicho.

Mzaramo akaja mbio kutoka vichakani, akajitupa juu ya machela, miguu yake migumu kifuani pangu.

"Uwongo! Huyu hajafa, anakwepa mzigo! Nawajua hawa!"

Nikauma ulimi.

"Mnyamwezi gani anabebwa? Maisha yake yote kabeba vya watu, leo kawa mzigo mwenyewe! Haya, mpimeni! Nani atambeba, na begani hakai, kichwani hakai?"

Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Ndipo aliponiinamia sikioni, akasema taratibu kama anayembembeleza mtoto:

"Inuka, ndugu yangu. Inuka ujibebe."

Tumbo lilinisaliti kwanza. Likaruka mara moja, mara mbili, machela ikatikisika, kisha mdomo ukafunguka wenyewe nikacheka, nikacheka nimefungwa sanda, siwezi hata kujishika mbavu. Kamera ikalia tak-tak-tak. Utepe umekwisha.

Nilifumbua macho nikitafuta pa kukimbilia na miguu imefungwa. Bibi alikuwa ameziba uso kwa kanga, mabega yanapanda na kushuka. Nikadhani nimemuua kwa huzuni. Alipoishusha kanga, nikaona anacheka hata machozi yanamtoka.

"Ndiye huyo!" alisema. "Hakuwahi kumwacha Mzaramo amalize maneno."

"Kicheko nikikate?" aliuliza Mzungu.

"Thubutu!"

Filamu ilirudi baada ya miezi kadhaa. Macho ya Bibi hayakuona vizuri jioni, basi Mhindi mmoja mwenye ghala la karanga alitukubalia tuzibe madirisha kwa magunia tuitazame mchana. Karani wa gari la sinema alisimama kando ya shuka jeupe akasoma maelezo kwa sauti ya msikitini. Alisikilizwa mpaka Mzaramo alipotoka vichakani. Hapo ghala zima lilisimama. Wazaramo wa reli walipaza matusi upande mmoja, Wanyamwezi wakayarudisha upande wa pili, na mashine isiyoshika sauti ikawa na sauti mia tatu. Maiti alipocheka, mwenye ghala mwenyewe alikaa juu ya gunia akilia kwa kicheko.

Picha ilipokwisha, fundi viatu alikwenda akasimama mbele ya shuka.

"Siondoki! Sijapewa haki yangu ya maziko!"

Bibi akainuka, akavua kanga ya begani, akamtupia. Mzee akaivaa, na tukatoka naye juani amejitanda hivyo, anatikisa nyonga mtaa mzima, watu wanapiga vigelegele. Kufika kibandani kwake alimgeukia Bibi.

"Na mimi nikifa, mtumwa wangu? Kwetu ni mbali, na watani wa hapa wananijua kwa viatu tu. Nani atanisumbua?"

"Mimi," alisema Bibi. "Beti zako tayari, tena ni chafu. Kazi iliyobaki ni yako."

"Niimbie moja."

"Kufa kwanza."