Mikorosho Imerudi kwa Mama Edmund

Saa kumi na moja alfajiri, Chiungutwa, umande bado umetanda kwenye majani. Imakulata, ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Edmund, anabeba mashine mgongoni, anajifunga kitambaa puani na kuvuta kamba. Wingu la salfa, dawa ya unga ya mikorosho, linapanda juu ya mti. Unga hushika majani yakiwa na unyevu, kwa hiyo hasubiri jua lichomoze.

"Miaka yote nimepulizia mikorosho ya watu," anasema, akicheka mpaka kitambaa kinamteleza. "Leo napulizia ya kwangu. Ya kwangu, mwandishi! Andika hivyo hivyo."

Ni yake kweli, lakini haikurudi kirahisi, jamani.

Mama yake alipougua, shamba alilolipanda kwa mikono yake lilikodishwa kwa jirani, Nikolao, baba yake Devotha, kwa misimu mitatu, ili apate matibabu. Mama akafariki. Misimu ikaisha, Nikolao akaendelea kuokota korosho kama hakuna kilichotokea. Akiulizwa anajibu, "Anayepalilia ni mimi, anayeokota ni mimi. Shamba ni langu." Hapakuwa na maandishi, na waliokuwepo wakati wa makubaliano walishazikwa.

Imakulata akabaki kibarua wa kupulizia dawa, shamba la mama yake akiliona kwa macho tu. "Roho iliniuma, nisikudanganye," anasema.

Mwaka jana akaenda kwenye baraza la kijiji. Mmoja wa wajumbe alikuwa Mwalimu Apolinari, aliyefundisha Kilatini seminari mpaka akastaafu. Alisikiliza pande zote, kisha akamgeukia Nikolao.

"Ule mkorosho wa bondeni uliokauka, nani aliukata?"

"Mimi, mwalimu."

"Kabla ya kuukata ulimwomba nani ruhusa?"

Huku, aliyekodi shamba hupalilia na kuokota, lakini mti uliokauka haukati mpaka amwombe mwenye shamba. Nikolao ana tamaa, lakini adabu za kwao anazo. Akajibu kabla hajafikiri: "Si nilikwenda kwa Mama Edmund!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Nikolao akashika kichwa. Alishajimaliza mwenyewe.

"Warumi walikuwa na neno, dominium," mwalimu akasema. "Limetoka kwenye dominus, yaani bwana mwenye mali. Kushika kitu ni jambo jingine. Dominium ni kuwa na kauli ya mwisho juu yake, na wewe kauli hiyo ulikwenda kuiomba kwake."

Mzee mmoja akanung'unika: mwanamke anakuwaje bwana wa shamba?

"Dominus ni la kiume, domina ni la kike," mwalimu akamjibu. "Dominium lenyewe si la kiume wala la kike. Ni la mwenye mali, basi."

Sasa jua limechomoza. Imakulata anatua mashine na kuchukua shoka. Kando ya njia kuna mkorosho uliokauka, na mahali pake anataka kupanda miche mipya iliyobebeshwa, ile ya kuunganishwa inayozaa mapema, ili mwanawe Edmund asije akawa kibarua kwenye mashamba ya wengine.

Nikolao anapita na baiskeli, anapunguza mwendo. "Mama Edmund, huo unaukata? Umemwomba nani?"

"Nimejiomba mwenyewe jana, Baba Devotha," anamjibu, shoka likiwa tayari juu. "Nikajikubalia."