Mia Mbili za Mtani

Mama alipoteza shilingi mia mbili kwa sababu alicheka. Nasema hivyo bila kumlaumu, maana hata mimi nilicheka siku ile, na ningekuwa na pesa zangu zingekwenda na maji vilevile.

Tulikuwa tukikaa Dongobesh, miaka michache baada ya vita vya Wazungu. Baba alikuwa amefariki. Mama alinunua samli kwa akina mama wafugaji wa uwanda wa Hanang, akaipeleka Mbulu ndani ya madebe. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka, na kabla ya hapo tulishafukuzwa vyumba vitatu: mara samli inanuka, mara mwenye nyumba anaoa mke wa pili. Mama alikuwa na jambo moja tu kichwani, kulala chini ya bati lake mwenyewe, pasipo na mtu wa kumwambia ahamishe madebe.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa ya mzee mmoja mchinjaji wa palepale: vyumba viwili vya udongo, bati juu, kando ya barabara. Walipatana mia tatu. Mia mbili mkononi, mia moja baada ya mavuno, ndipo mzee ahame.

Sasa, yule mzee alikuwa mtani wetu. Watu wa kwao na watu wa kwetu walitaniana tangu babu zao walipokuwa wakibeba mizigo pamoja. Mtani ana ruhusa. Atakutukana, atachukua kuku wako, atakuvua kofia msibani, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wazee wanakutoza faini.

Mama alimlipa sikukuu ya Idi, uani kwa mzee, mbele ya mashahidi wawili, fundi viatu na mwenye hoteli ya chai, sote tumeshiba pilau. Mzee alizihesabu noti, akazitia mfukoni, akajipigapiga tumbo.

"Haya, pesa za mtani nimeshazila. Nyumba gani tena unayoitaka?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mama naye akacheka, akajibu, "Kula, mtani wangu, ushibe!"

Hakuna aliyekumbuka karatasi.

Kabla ya mavuno alikuja mnunuzi wa ngozi kutoka Arusha, akitafuta nyumba ya barabarani, akataja mia tano. Mama alipopata habari alikwenda mbio kwa mchinjaji. Mzee alimjibu bila hata kuacha kunoa kisu.

"Si nilikuambia pesa nimezila? Nawe ukaniambia nishibe. Nimeshiba."

Mama alimpeleka barazani. Karani aliuliza karatasi, haikuwepo. Wakaitwa wale mashahidi wawili, na hawakusema uongo, jambo ambalo liliniuma zaidi. Walieleza kila neno, wakaeleza na kicheko cha mama. Wazee wakaamua kwamba mtani akipewa kitu na kuambiwa ale, basi ni chake. Mchinjaji alitoka pale akijifuta midomo. Nilimchukia kabisa. Nilimwombea upepo ung'oe bati lake lote.

Mama alilala siku nzima ameelekea ukutani. Siku ya pili aliamka, akafunga ufagio mpya, akanipa niubebe.

"Twende tukafagie kwetu."

Kuanzia hapo, kila siku ya mnada tulikwenda kwa mchinjaji. Kwanza nilimwamkia shikamoo, mama hakukubali nikose adabu. Kisha mama alianza kufagia uwanja, huku akipaza sauti ili barabara nzima isikie.

"Mpangaji wangu, uchafu gani huu? Karibuni jamani, karibuni kwangu! Huyu mzee namhifadhi tu."

Wapita njia walicheka. Mchinjaji naye alicheka, angefanya nini? Ulikuwa utani. Wiki ya tatu alicheka kwa meno tu.

Siku mnunuzi wa ngozi alipokuja kuikagua nyumba, alitukuta uwanjani. Mama alimkaribisha vizuri, akamwonyesha chumba atakacholala yeye mama na atakapopanga madebe yake. Yule bwana hakuwa mtani wa mtu pale. Aliuliza maana yake, akasimuliwa yote, akapanda lori lake, akaenda kutafuta nyumba Katesh.

Mchinjaji alimnyang'anya mama ufagio, akauvunja gotini.

"Toka kwangu, mwanamke we! Sitaki utani wako!"

Fundi viatu aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliacha kushona. Mama hakupandisha sauti.

"Mmemsikia, amenuna. Kama maneno yangu ni utani, alipe faini. Kama si utani, basi hata yake hayakuwa utani, anirudishie mia mbili zangu."

Wazee waliketi tena, wakakuna vichwa, wakachagua njia nyepesi. Mchinjaji atoe mbuzi jike mmoja. Mama alimchukua. Mia mbili hazikurudi, sitadanganya. Lakini ile nyumba haikupata mnunuzi tena.

Ilituchukua miaka minne mingine ya samli, mama akitembea hadi nyayo zinapasuka, nami nyuma yake na debe kichwani. Alinunua kiwanja nje kidogo ya mji. Siku ya kulipa alimweka karani mbele, na muuzaji alipoanza mzaha aliambiwa anyamaze kwanza, atie dole gumba.

Nyumba ilipoezekwa bati tukahamia, na watu walikuja kula. Mchinjaji naye alikuja, amezeeka, mguu wa mbuzi begani.

"Mtani, nyumba hii nimekujengea mimi. Ningekuuzia ile, ungepata wapi akili?"

Ua mzima uliangua kicheko. Nilimtazama mama. Aliupokea ule mguu, akaupima mkononi polepole kama anavyopima samli.

"Huu ni shilingi mbili," akasema. "Bado mia moja tisini na nane."

Watu walicheka zaidi, wengine wakashikana mabega. Wao wawili tu hawakucheka.