Mwalimu Ernesti na Neno la Mioyo Miwili

Ukitaka kumfurahisha Mwalimu Ernesti wa Mabawa, muulize maana ya neno la Kiingereza. Ukitaka afurahi kupita kiasi, muulize dubious. Baba yake alikata mkonge kule Pongwe. Yeye akapelekwa seminari, akarudi bila upadri lakini na Kilatini kichwani, na kwa Kilatini hicho akafundisha Kiingereza miaka thelathini na mitatu.

"Dubious," husema akiinua vidole viwili, "limetoka kwa Warumi. Dubius. Ndani yake imejificha duo, yaani mbili. Ni mtu mwenye shaka, moyo umepasuka pande mbili, huku hauendi na kule hauendi."

Kulieleza alilieleza vizuri. Kulikwepa ndiko kulikomshinda.

Anastazia alikuwa mjane wa jumuiya yake, fundi cherehani, mwanamke asiyezunguka mbuyu. Mwalimu alipofiwa na mkewe akakonda, ndiye aliyempunguzia suruali. Baadaye wakazoea kunywa chai pamoja kila Jumamosi, na Jumamosi moja akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, watu wanasema. Unanioa, au hunioi?"

Alimpenda. Hilo alilijua kama alivyolijua jina lake. Lakini picha ya marehemu ilikuwa bado ukutani, na kila akiitazama aliona kama anaomba ruhusa akanyimwa. Badala ya kusema hivyo, masikini, akainua vidole viwili, akaanza na Warumi.

Anastazia alimsikiliza mpaka mwisho. "Na hao Warumi wako," akauliza, "kuoa walikuwa wakioa?"

Mwalimu akacheka, akaomba muda. Akapewa. Pasaka ikapita, Krismasi ikapita, Pasaka nyingine ikaja. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa hata na diploma.

Sasa, pale parokiani msomaji wa matangazo ni yeye, kwa kuwa sauti yake hufika viti vya nyuma. Jumapili moja ya Agosti, misa ikikaribia kwisha, katibu akamkabidhi karatasi. Akasoma zamu za usafi, akasoma mazoezi ya kwaya, akafika kwenye ndoa.

"Tangazo la kwanza. Tadeo Mhina, mgane, wa Pangani, anatarajia kufunga ndoa na Anastazia..."

Sauti ikakatika. Kanisa zima likainua macho. Akamalizia jina, kisha akasoma yale yasiyorukwa: "Mwenye kujua kizuizi chochote amwone Paroko." Kizuizi alikuwa nacho, kimemjaa kifua kizima, ila si cha aina ambayo Paroko angekiandika kwenye daftari lake.

Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. Angeweza kumwachia mtu mwingine zile mbili zilizobaki, hakumwachia. Aliona amejitakia mwenyewe.

Baada ya tangazo la tatu alimkuta Anastazia nje, kando ya mlango.

"Umesoma vizuri, Mwalimu."

"Anastazia." Siku zote alikuwa akimwita Mama Ritha. "Jibu langu lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu siku ile uliyoniuliza."

Macho ya yule mama yakalengwa na machozi. "Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilingoja muda wote ule."

Akampa mkono, kisha akaenda aliposimama Tadeo.