Ngoma ya Mama Fidanka Iliyokatwa

Mchana Slavjanka anachambua tumbaku kwenye kiwanda cha nyuma ya stendi. Akirudi nyumbani vidole bado vinanata. Ananawa kwa ndimu, anapika kahawa, anafungua kompyuta. Hapo inaanza kazi ya pili, ambayo halipwi hata denari. Mimi naishi mlango wa pili na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo najua.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna programu ya bure ya kuhariri video, imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuitengeneza. Watumiaji kila siku wanaleta maombi: tuwekeeni hiki, ongezeni kile. Walioiandika hawana muda wa kuyasoma. Slavjanka ndiye anayeyasoma. Aliingiaje? Alikuwa anahariri video ya ubatizo wa mpwa wake, akakwama, akatuma malalamiko marefu mpaka Mcheki mmoja anaitwa Bohumil akamjibu, "Dada, si uje tu ufanye kazi na sisi?" Akaenda. Akakaa.

Swali lake ni moja kwa wote. Mtu akiandika anataka kitufe fulani, yeye anamuuliza, "Ulikuwa unafanya nini ukakwama?" Wengine wanamtukana. Wengine wanaeleza, na mara nyingi inaonekana walichotaka kipo siku zote, wamekipita tu.

Sasa ombi lililopigiwa kura kuliko yote lilikuwa hili: programu itambue yenyewe vipande vinavyojirudia, ivitoe. Walimu walilitaka, watu wa mapishi walilitaka. Slavjanka akalishikilia muda mrefu. Mwisho akamwambia Bohumil, "Sawa, lakini ikitoa isifute. Ifiche." Bohumil akalalamika kompyuta za watu zitajaa. Wakazozana weee, Slavjanka akashinda. Kitufe kikaingia kwenye toleo la majaribio.

Toleo la majaribio ni la kujaribia. Kila mtu anajua hilo isipokuwa Tode.

Tode anapiga video za harusi hapa mjini kwetu, Prilep, na ana haraka kama mtu anayefukuzwa. Akabonyeza kitufe, harusi ya kutwa na usiku kucha ikawa fupi kama kipande kimoja cha tamthilia. Akafurahi, akawapelekea wenyewe.

Jumapili moja mimi na Slavjanka tuko uani tunachoma pilipili za ajvar, ile rojo ya kupaka mkate. Lango likasukumwa. Akaingia Mama Fidanka, aliyetoka kumwozesha mwanawe, na Tode nyuma yake kainamisha kichwa.

"Huyu kasema programu ni yako."

"Si yangu peke yangu, mama. Karibu ukae."

"Sikai! Nilikaa jana ikatosha. Nimewaita wakwe, nimewaandalia meza, tukawasha filamu. Naonekana nashika chekeche, nanyoosha mguu, halafu papo hapo niko kwenye kiti nafuta jasho! Mama wa bibi harusi kanigeukia: 'Kumbe mwenzangu ulichoka mapema.'"

Nikacheka.

"Wewe cheka," akaniambia. "Kwanza utafute wa kukuoa, ndo uje unicheke."

Kwetu oro ya kwanza ya harusi, ile ngoma ya duara, anaiongoza mama wa bwana harusi. Chekeche lenye mkate mkononi, ukoo mzima nyuma yake umeshikana mikono, mnazunguka mpaka yeye aseme basi. Mama Fidanka ana mtoto mmoja tu, hana oro nyingine ya kuongoza. Na programu ilipoona watu wanazunguka, hatua zilezile, muziki uleule, ikasema hawa wanajirudia.

Slavjanka akaweka koleo chini. "Tode, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawahi harusi nyingine, da Slavjanka."

"Kadi za kamera?"

"Nimeshazirekodia hiyo nyingine."

"Na kwenye kompyuta?"

"Sijui. Nilibonyeza tu."

Mama Fidanka akakaa mwenyewe kwenye kreti la pilipili.

Tode akakimbia kuleta kompyuta. Slavjanka akafungua ile kazi ya harusi, akatafuta sehemu ya vilivyofichwa. Pilipili zinaungua, hakuna aliyezigeuza. Halafu zumari zikalia pale uani, ngoma kubwa ikaingia, na Mama Fidanka akatokea, chekeche juu, anazunguka. Anazunguka tena. Na tena.

"Wala sikuchoka," akasema taratibu.

"Hukuchoka, mama."

"Basi kitoe hicho kitufe."

"Kuna watu wengi wanakitaka."

"Walikuja harusini?"

"Hapana."

"Sasa wanajua nini?"

Slavjanka akafuta masizi vidoleni, akafungua ukurasa wa maombi. "Sema wewe, mimi naandika. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongoza oro ya mwanangu. Kila mzunguko anaingia mtu mwingine. Programu yenu ikaona inatosha. Hakuna aliyeniuliza."

Akaliandika hivyohivyo, akaambatanisha na ngoma yenyewe.

Bohumil alijibu kesho yake. Alisema ameiangalia yote, na mzunguko wa pili kaingia mzee wa fimbo ambaye kwenye ule wa kwanza hakuwepo. Toleo lililofuata kitufe kipo, ila sasa kinauliza: kinakuonyesha kipande kizima, unakiangalia, ndo unajibu. Wenye haraka wakanuna. Slavjanka akawajibu mmojammoja.

Wakwe wakaitwa upya. Nilikuwepo na Slavjanka, nilibeba ajvar. Oro ilipoanza, Mama Fidanka akasimama kando ya televisheni, anawaangalia wao, filamu hana habari nayo.

"Mwenzangu, mguu huo!" akasema mama wa bibi harusi.

Ngoma ikaendelea. Ikaendelea. Baba wa bibi harusi akamwinamia Slavjanka. "Mwanangu, kile kitufe bado kipo?"

"Kipo, baba. Ila siku hizi kinaomba ruhusa kwanza."

Mzee akamtazama Mama Fidanka pale aliposimama. Akajipakulia ajvar, akaendelea kuangalia.