Nusu Mbili za Neno la Siri

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko unaopanda na kushuka. Shule niliishia ya msingi, na ukurasa mmoja kwangu ni kazi ya siku nzima.

Nilitaka kuoa. Kwetu kijana hujitambulisha kwanza kwa barua, na mjomba wa msichana wangu alisema ataipokea Jumamosi, kabla ya kupanda taksibasi ya saa tisa kurudi Tshangalele. Huja kwetu Likasi mara moja tu kwa mwaka. Angeondoka bila barua, ningengoja mwaka mzima.

Rasimu niliiandika siku nne. Ijumaa niliipeleka mtaa wa Kikula, kwenye kiduka cha kuchapa barua. Mwenye kiduka aliichapa, akaihifadhi, akachana rasimu mbele yangu, maana alilinda sana siri za wateja. Kabla hajaitoa kwenye karatasi, umeme ukakatika.

Jumamosi saa sita nilirudi, na umeme ulikuwa umerudi. Barua ilikuwa ndani ya folda yenye alama ya kufuli. Kuweka barua ndani inakubali, lakini ukiibofya uifungue, inakataa. Lazima uchague kuifungua kama msimamizi wa kompyuta, kisha uandike neno la siri. Neno hilo mwenye kiduka na bibi yake, yaani mkewe, walikuwa wamegawana nusu kwa nusu, kama sanduku la kanisa lao lenye funguo mbili kwa watu wawili. Hakuna aliyejua nusu ya mwenzake.

Na tangu Jumatano walikuwa hawasemezani. Bwana alimpa mgeni kichwa cha samaki ambacho bibi alijiwekea.

Bibi alikuwa ng'ambo ya barabara, anauza unga.

"Enda umuambie ule mama akuye kufungua," bwana akasema.

Nikavuka, nikasimama mbele ya meza yake. Mimi si mtu wa kuanza maneno.

"Weye unataka unga ao unataka kunitazama?"

Nikamweleza.

"Muambie kile kichwa cha samaki kimufungulie."

Nikarudi nikasema vilevile. "Muambie mugeni alitoka mbali," bwana akajibu.

"Muambie na babu yangu alitoka mbali. Kasai," bibi akasema.

Nilivuka barabara mara nane. Mara ya tisa nikasema, "Mama, ni barua ya kuomba bibi."

Akanitazama toka kichwa mpaka miguu, akapangusa unga mikononi. "Masikini," akasema, akaja.

Alitoa masharti: bwana aelekee ukutani, na wateja watano waliokuwa kwenye foleni wafumbe macho. Bwana akasema bibi aanze, maana ndiye aliyekasirika. Bibi akaandika kwa kidole kimoja. Wakabadilishana: bibi akaelekea ukutani, bwana akaandika nusu yake. Kompyuta ikakataa.

"Muambie alibadilisha nusu yake," bwana akaniambia.

"Muambie ni yeye," bibi akasema. Kati yao palikuwa na nafasi ya mkono mmoja tu, na nafasi hiyo niliijaza mimi.

Wakaandika tena. Ikakataa tena. Mama mmoja aliyefumba macho akauliza kama tumefika kwenye amina.

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikasema polepole, "Siku mulitengeneza hii neno, nani aliandika wa kwanza?"

Bibi akasema, "Ni yeye. Alisema yeye njo mwanaume wa nyumba."

Bwana akaanza, bibi akamaliza. Folda ikafunguka, na juu yake ukatokea mstari mwekundu wa kuonya kwamba sasa tuna mamlaka ya kuharibu kila kitu. Bwana akaisoma barua yangu kwa sauti, yote, ili ahakikishe ndiyo yenyewe. Wateja wakafumbua macho. Mmoja akasema hapo pa "moyo" paongezwe kidogo. Nilitazama chini mpaka karatasi ilipotoka.

Nilikimbia. Mjomba alikuwa tayari ndani ya taksibasi, injini inanguruma. Nikampa barua, akaisoma dirishani.

"Mbona umechelewa?"

Nikamweleza ukweli: kichwa cha samaki, ukuta, macho ya wateja. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Bibi na bwana umeona vile wanafanya. Na ungali unataka?"

"Ndiyo," nikasema kwa nguvu mpaka dereva akageuka.

"Basi wakubwa wako baende kwa dada yangu, mama ya huyu msichana. Nitamuambia."

Tunaoana hivi karibuni. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama umeoa ao umeolewa, niandikie: neno la siri la nyumba mnaligawa, ao mmoja analishika lote? Hata mistari miwili inatosha. Nitaisoma polepole.