Sikio la Evelio

Kwa miaka ishirini, geji zote za magari mtaani kwao Cienfuegos, Cuba, zilipita mikononi mwa Evelio. Leo Chevrolet ya mteja wake Osmani, iliyotolewa injini ya silinda nane ikawekwa ya silinda nne, ilikuwa kwa Yudelkis, mwanafunzi wake wa zamani, na Evelio alimwonea wivu. Geji ya mizunguko ya injini, iliyotengenezwa kwa silinda nane, ilikuwa ikisoma nusu ya kasi halisi. Yudelkis alikuwa ameshabadilisha rezista, kidude cha umeme ndani yake. Ilibaki kusawazisha mshale kwa skrubu.

“Mwalimu, wewe ndiye mwenye sikio,” Yudelkis alimwita Evelio aliyekuwa akitazama mlangoni. “Injini inazunguka mara ngapi kwa dakika?”

Namba moja ya uongo ingemwaibisha Yudelkis mbele ya mteja. Evelio alifungua mdomo aseme elfu moja.

“Mia nane,” ukweli ukamtoka.

Yudelkis akauweka mshale hapo.

“Dada, umemfunika hata mzee!” Osmani akashangilia.

Evelio akaondoka bila kuaga.